Kifaru Katika Ghala la Mahindi

Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipofungwa, mimi na mume wangu tuliacha nyumba yetu ya kupanga mjini Kericho tukaenda kuishi kwa mama yake, karibu na Sosiot. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Nilikuwa nimechora vituo vya kununulia majani chai, vyoo vya shule, paa la zahanati moja, na mabanda ya ng'ombe ambayo hata siyakumbuki yote. Mume wangu ni daktari wa mifugo, na kwake kuhama hakukubadilisha mengi. Ng'ombe huugua kila mahali, na pikipiki yake ilijua njia zote. Mimi ndiye niliyebaki na kompyuta mezani bila kitu cha kuchora.

Mama mkwe hakunipokea vibaya. Alinipa chumba chenye dirisha linalotazama chai, akaniletea meza kutoka sebuleni kwake. Lakini alipopita na ndoo ya maziwa asubuhi na kunikuta nimekaa, niliona macho yake yalivyotua juu yangu. Mimi ni mtoto wa watu wa ziwa. Baba yangu alikuja huku akiwa kijana, akaajiriwa kuwasha tanuri katika kiwanda cha chai, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi na kujifunza Kikipsigis kwa kucheza na watoto wa jirani. Lugha ya mama mkwe naijua vizuri. Hata hivyo tulizungumza Kiswahili, yeye na mimi, kama watu waliokutana kwenye foleni ya ofisi ya chifu. Nadhani kila mmoja aliogopa kumkosea mwenzake.

Kazi ya kifaru ilikuja kwa simu. Mtu niliyesoma naye chuo cha ufundi alikuwa ametaja jina langu kwa vijana fulani wa Nairobi waliokuwa wakitengeneza gemu ya kompyuta kuhusu vita katika nchi ya kubuni.

"Tunataka kifaru," alisema kijana aliyekuwa akiwaongoza.

"Cha vita?"

"Cha vita. Kizito kuliko vyote. Nchi yao imebaki kidogo ishindwe, na hiki ndicho tegemeo lao la mwisho."

Nilimwambia ukweli, kwamba vifaru nimeviona kwenye televisheni tu, vikipita mbele ya jukwaa siku za sherehe.

"Hata sisi," akasema. "Watu wa kuchora vitu vya kutisha tunao. Tunatafuta mtu anayechora vitu vinavyoweza kusimama."

Alinitumia maelezo ya nchi yao. Ilikuwa nchi ya vilima na mvua, yenye udongo mwekundu, mito mingi na madaraja membamba, na ilikuwa imevamiwa na majirani kutoka nyanda kavu. Nilisoma nikitazama dirishani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika kwetu, lakini walikuwa wameieleza Sosiot na mabonde yake yote hadi Soin kama waliozaliwa hapa.

Kifaru changu cha kwanza kilikuwa kikubwa kama nyumba. Nilikipa mabamba ya chuma manene kila upande, mzinga mrefu, na minyororo myembamba ya kutembelea badala ya magurudumu, kwa sababu niliona inapendeza hivyo. Mume wangu alikitazama huku akivua buti zake za mpira.

"Kinapendeza," alisema. "Sasa kitapita wapi?"

"Barabarani."

"Barabara gani?"

Wiki hiyo hiyo mvua ilinyesha hadi lori la majani chai likazama karibu na kituo cha kununulia. Tulisimama pale na majirani, magunia ya majani yakipata joto, tukitazama dereva akikanyaga mafuta na magurudumu yakijichimbia shimo. Tinga, yaani trekta, iliyokuja kulivuta ilikuwa imefungwa magurudumu mawili mawili nyuma, ikapita juu ya tope lile lile kama bata. Nilirudi nyumbani nikafuta minyororo yangu. Niliipanua hadi ikakaribia kukutana katikati. Nikapunguza chuma cha nyuma na cha ubavuni ili uzito ushuke, nikaacha unene wote mbele, na bamba la mbele nikalilaza kama paa ili risasi iteleze badala ya kugonga.

Vilima navyo vilinifundisha jambo. Mtu akija kwetu kutoka ng'ambo ya mto, kwanza unaona mwavuli, kisha kichwa, halafu mabega. Kifaru cha nchi kama hii kingejificha nyuma ya mgongo wa kilima, kichwa tu kikichungulia, na mzinga ungelazimika kuinama kuelekea bondeni. Lakini mzinga ukiinama mbele, kitako chake hupanda ndani. Kwa hiyo kichwa cha kifaru kikahitaji dari ya juu zaidi. Nilifurahia mambo haya kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimesahau raha ya kutatua kitu kimoja na kuona kingine kikichipuka papo hapo.

Asubuhi moja mama mkwe aliniletea chai, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kifaru, Mama."

"Kifaru?" Aliinama karibu na kioo. "Pembe iko wapi?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba ni kifaru cha vita, gari la askari, na hiyo si pembe bali ni mzinga. Nilitarajia acheke pia. Alikiweka kikombe mezani polepole, akatoka. Nilimsikia akiita ng'ombe huko nje kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Tangu siku hiyo hakuingia tena chumbani mwangu. Chai yangu niliikuta jikoni, imefunikwa kwa sahani. Nilipomsalimia aliitikia, basi. Nilifikiri ameudhika kwamba mwanamke mzima ameolewa nyumbani kwake na anashinda akichora michezo. Nilikasirika kidogo, kisha nikajisikia vibaya kwa kukasirika. Mwishowe nikamuuliza mume wangu.

"Ni kaka yangu," alisema.

Kaka yake mkubwa ni askari. Hilo nililijua, picha yake akiwa na sare ilikuwa ukutani sebuleni, juu ya kalenda ya kanisa. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa amepelekwa mpakani, na kwamba huko anaendesha gari la chuma la kivita. Aliwahi kutuma picha amesimama kando yake. Tangu Mama aione picha ile, hakutaka redio iwashwe wakati wa taarifa ya habari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sisi wenyewe hatuzungumzi hayo," alisema mume wangu. "Akipiga simu, anasema yuko sawa. Mama anamwambia aombe. Basi."

"Nifanye nini? Niiache kazi?"

"Usiniulize mimi. Muulize yeye."

Nilimkuta mama mkwe shambani, kikapu mgongoni, akichuma. Nilichukua kikapu cha pili na kuingia mstari wa karibu naye. Mikono yangu ni mizito kwa chai, ingawa nimekulia humo. Tulichuma hadi mwisho wa mstari. Kisha nikamwambia, kwa Kikipsigis safari hii, kwamba sikujua kuhusu kazi ya mwanawe, na kwamba kama mchoro ule unamuumiza nitawaambia vijana wa Nairobi watafute mtu mwingine.

Alinitazama kwa mshangao, nadhani kwa sababu ya lugha kuliko maneno.

"Ndani ya hicho kitu chako," alisema, "watu wanakaa?"

"Wanne."

"Wanakaa aje?"

Niliwaza mchoro wangu. Nilikuwa nimechora nje yote, kila bamba na kila msumari. Ndani nilikuwa nimeandika tu neno moja, "wahudumu", katika sehemu tupu.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Hata mimi sijui." Alitupa majani kikapuni. "Nikimpigia simu anasema, niko sawa Mama. Mimi nalala hapa kwa kitanda, nanyoosha miguu. Yeye, miguu anaweka wapi? Anaona nje aje? Hakuna mtu ananiambia. Wanafikiri nikijua nitaogopa. Si nimeshaogopa?"

Aliposema hivyo nilijua nitakalofanya, ingawa nilihisi ni upuuzi. Nilimwambia tungeweza kukijenga, sehemu ya ndani tu, kwa vipimo vyake halisi, tukae humo tuone.

"Tukijenge na nini?"

"Mbao. Mitungi. Chochote."

Alifikiri. "Ghala iko tupu mpaka mavuno," alisema.

Jumamosi mume wangu alibaki nyumbani, tukaanza. Ghala letu la mahindi limeinuliwa kwenye miguu ya mbao, ni jembamba, na dari yake iko chini; mtu mrefu huingia ameinama. Nilichora kwa chaki sakafuni umbo la kifaru. Tuliweka benchi la mpiga mzinga kushoto, na nyuma yake, juu kidogo, kigoda cha kamanda juu ya mtungi wa maziwa uliopinduliwa. Kulia kulikuwa na nafasi ya mpakizi, yaani yule anayeutia mzinga makombora. Mzinga wenyewe ulikuwa mti wa mkaratusi uliobaki tulipotengeneza zizi, tukauning'iniza kwa kamba kutoka darini. Makombora yalikuwa kuni. Mbele kabisa, chini ya mzinga, tulitenga kwa mbao za banda la ndama nafasi ndogo ya dereva, tukaitandika gunia na kumwekea kipande cha ubao chenye ufa wa kuchungulia.

Mama alikuja amevaa sweta yake ya kanisani. Alipanda ngazi, akatazama kila kitu, akachagua kiti cha kamanda bila kuulizwa. Mimi nilikaa kwa mpiga mzinga. Mume wangu akashika kuni.

"Sasa?" akauliza Mama.

"Sasa wewe ndiye unayeona adui, Mama. Unatuambia yuko wapi."

Alichungulia kati ya mbao za ghala kuelekea ng'ambo. "Naona mbuzi ya jirani kwa mahindi yetu," alisema.

"Pakia!" nikasema.

Mume wangu alinyanyua gogo, akageuka, akagonga kiwiko kwenye nguzo, akalia, akaliangusha gogo karibu na mguu wangu. Mama alimfokea kwa Kikipsigis kwamba vita vitaisha akiwa bado anatafuta kuni. Akajaribu tena. Safari hii mzinga uliinama kama nilivyoupanga, kitako chake kikapanda, kikamnasa kifuani na kumbana ukutani. Mama alicheka hadi akashika kitambaa cha kichwa chake kisidondoke. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Nami nilicheka, huku nikiandika kwa chaki mbaoni kwamba mpakizi anahitaji nafasi zaidi ya kiwiko na kwamba dari bado iko chini mno.

Tulipotulia, Mama alielekeza kidole mbele. "Na huko?"

"Huko ni kwa dereva."

Alishuka kwenye mtungi. Mume wangu alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Mama alipenya kati ya mbao, akalala chali juu ya gunia kama nilivyomwelekeza, magoti yamekunjwa, uso karibu na ule ufa. Ng'ombe walikuwa wakicheua zizini, na kwa mbali kulikuwa na mtu akikata kuni. Nilimwona akijaribu kunyoosha mguu mmoja, kisha mwingine, akipima mahali unapofika.

"Anaona kidogo sana," alisema hatimaye.

"Kamanda anamwambia njia, Mama. Wanaongea."

"Hawako mbali?"

"Hapana. Unatusikia?"

"Nawasikia." Akakunja miguu tena. "Haya. Sasa anataka kutoka."

Katika mchoro wangu, dereva alitoka kwa kifuniko kilicho juu ya kichwa chake. Tulikuwa tumekiwakilisha kwa ubao mwingine. Mama alisukuma ubao. Ukapanda kidogo tu, ukagonga mti wa mkaratusi uliokuwa umening'inia juu yake. Akasukuma tena kwa nguvu.

"Haifunguki."

"Ngoja tuusogeze mzinga, Mama."

"Na kama wale wa nyuma hawawezi kusogeza? Kama wameumia?"

Mama aliendelea kusukuma, kisha akaanza kuita jina la mwanawe mkubwa, polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Mume wangu alirukia mbele, akaung'oa ukuta mzima wa mbao za ndama, akamtoa mama yake kwa kumshika makwapa. Wakakaa sakafuni pamoja katika vumbi la mahindi ya mwaka uliopita.

Nilidhani nimefanya jambo baya sana. Nilianza kuomba msamaha, lakini Mama alinikatiza.

"Usiseme pole. Tengeneza mlango."

Niliketi kwenye kompyuta siku zilizofuata nikiwa na hamu niliyoisahau tangu nikiwa chuoni. Nilitafuta jinsi vifaru vya kweli vinavyotengenezwa, nikagundua kwamba shida ile ya mzinga kuziba mlango wa dereva imewasumbua wengine kabla yangu. Nilimpa dereva wangu mlango wa pili sakafuni, nyuma ya kiti chake, unaoangukia chini ya kifaru. Niliondoa makombora yaliyokuwa yamepangwa kati yake na wenzake, ili pabaki njia ya kupita mtu mzima, na kwa mtu mzima nilitumia mabega ya mume wangu. Mpakizi alipata kiwiko chake. Dari ikapanda. Mama alikuwa akija kila jioni baada ya kukamua kuangalia nilipofika, na mara mbili tulirudi ghalani kujaribu. Kikombe changu cha chai kilirudi mezani kwangu, na kando yake mursik, maziwa yaliyochacha kwenye kibuyu, ndani ya glasi.

Kijana wa Nairobi hakufurahi.

"Kimekuwa kirefu," alisema. "Na umetoa makombora. Hao watu wanahitaji kushinda vita, dada."

"Wamebaki wachache, si ndivyo mlivyoandika? Nchi imebaki kidogo ishindwe."

"Ndiyo."

"Basi chuma wanaweza kuyeyusha kingine. Dereva mzuri watampata wapi?"

"Lakini mchezaji hataona huo mlango wa chini."

"Dereva atauona."

"Dereva si mtu, ni picha tu."

"Najua," nikasema. "Jaribuni tu. Mkiona haufai, nitaufuta."

Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa nyingine. Walikuwa wamekiweka kifaru ndani ya gemu, wakakipiga, na mmoja wao akawa amewachora wahudumu wakitoka: watatu kwa juu, na dereva akitambaa chini kati ya minyororo hadi kwenye majani. Walipotazama, alisema, ofisi nzima ilishangilia. Sasa walitaka kubadilisha kanuni ya mchezo. Wahudumu wakitoka salama, wataingia katika kifaru kingine na ujuzi wao wote, na mchezaji atataka kuwaokoa kuliko kuokoa chuma. Aliniuliza kama naweza kuchora magari yao mengine pia, yote, kuanzia ndani. Nilimwambia naweza.

Kaka yake mume wangu alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Kwa kawaida Mama hushika simu kwa mikono miwili na mazungumzo huisha kabla ya chai kupoa. Siku hiyo aliiweka mezani ikiwa na sauti kubwa.

"Niko sawa, Mama," alisema yule askari.

"Najua uko sawa. Miguu yako unaweka wapi?"

"Nini?"

"Ukiendesha. Miguu. Inanyooka?"

Kulikuwa na mlio wa upepo upande wa pili. "Inanyooka kidogo," alisema kwa tahadhari. "Hili letu lina magurudumu, Mama, nakaa wima. Nani amekuambia mambo ya miguu?"

"Na mlango? Kama ule wa juu haifunguki?"

"Kuna mwingine ubavuni. Na nyuma kuna mkubwa wa askari." Kisha akacheka, kicheko kama cha mama yake. "Mama, umejiunga na jeshi?"

Akaanza kusimulia. Alisimulia kuhusu joto, jinsi wanavyofunga chupa za maji kwa soksi iliyolowa ili zipoe, na kuhusu mwenzake anayeimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya kila wanapoondoka kambini. Mama aliuliza, akajibu, akauliza tena. Mume wangu alisimama mlangoni na buti mkononi, akisahau kuzivaa. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Alipata likizo mwisho wa mwaka. Gemu ilikuwa bado haijamalizika, lakini vijana walinitumia sehemu niliyoweza kuionyesha. Nilimkalisha shemeji yangu mezani, mtu mpana, mtaratibu, aliyeomba ruhusa kabla ya kugusa kompyuta yangu. Mama alivuta kiti akakaa karibu naye. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani, na watoto wa jirani walikuwa wakifukuza kuku.

Alikiwasha kifaru, akashuka nacho kilima kwa uangalifu mkubwa, akapita tope bila shida. Alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha alifika mtoni, akaliacha daraja, akajaribu kuvuka majini, na kifaru chetu kikazama hadi kichwani. Wahudumu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

"Daraja si hiyo hapo!" Mama alimpiga begani. "Wewe ndio wanakupa gari la serikali?"

"Ngoja, Mama, narudia."

"Ngoja kwanza," alisema Mama, akisogea karibu na kioo. "Yule wa mwisho hajatoka."

Tukangoja. Dereva alitokea kwenye maji, akapanda ukingoni, akaketi kwenye majani pamoja na wenzake.

"Haya," Mama akasema. "Sasa rudia."